Kisigino cha Mke Mwenza

Swali la tisa ndilo lililomchefua Risper Awino kuliko mengine yote. Liliandikwa hivi: “Ninaijua vizuri hali ya nyayo zangu kwa sababu huzichunguza mwenyewe, kwa msaada wa kioo kirefu, angalau mara moja kwa mwezi.” Mhojiwa alitakiwa ajibu kwa nambari. Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa. Kioo kirefu! Risper alikuwa amefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari kule Ndhiwa, ameingia nyumba za wazazi wa wanafunzi zisizo na idadi, na kioo kirefu alikuwa amekiona mahali pawili tu: kwa fundi wa nguo za harusi, na chooni mwa hoteli hii hii ya Homa Bay walimofungiwa siku nne kutafsiri.

Hojaji yenyewe ilizaliwa mbali, kwa watu weupe wanaojianika mchangani kama dagaa wa omena kisha wakashangaa ngozi ikibambuka. Ilipima mtazamo wa mtu kuhusu kujichunguza ngozi, ili saratani iitwayo melanoma, ile inayoanza kama doa jeusi, ishikwe kabla haijasambaa. Jambo jema, nani atabisha? Lakini mradi haukuja kutafuta madoa. Ulikuja kupima kama hojaji hiyo, ikishasemwa kwa Dholuo, kwa Kikuria na kwa Kiswahili, bado inapima kitu kile kile. Risper alishika Dholuo na Kiswahili. Kikuria kilishikwa na Gisiri, mwalimu mwenzake kutoka Kehancha, mtu wa maneno machache na kicheko cha puani.

Mkuu wao alikuwa Daktari Oliver, aliyetoka Nairobi na kompyuta mbili na viatu vya kahawia vilivyochongoka mbele. Udaktari wake ulikuwa wa takwimu. Kidonda halisi kingemfanya akimbilie gari. Siku ya kwanza aliletwa muuguzi, akawaonyesha picha kwa muda wa saa moja. Alisema kwa mtu mweusi melanoma haifuati jua, hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Doa likizidi kupanuka, likiwa na kingo zisizo sawa, au likianza kulowa, mtu asingoje hata wiki. Muuguzi akapewa saa moja hiyo na chai. Siku tatu zilizobaki Oliver alizitumia kueleza uthabiti. Kila mhojiwa angehojiwa mara mbili, zikipita siku ishirini na moja kati yake, na majibu yake yakifanana, basi hojaji imefaulu. Kwa hiyo hapo katikati mtu asiambiwe chochote. Asishauriwe, asionywe, asifundishwe.

“Binadamu ukimwambia kitu, anabadilika,” alisema Oliver, kwa sauti ya mtu anayelalamikia mchwa.

Risper alimdharau kuanzia utosini hadi kwenye ncha za viatu vyake. Ila na yeye alikuwa na lake. Oliver alikuwa ameahidi kwamba makala ya utafiti ikichapishwa, majina ya watafsiri yatawekwa, na la Risper litakuwa la tatu. Awino, R. Alikuwa amelijaribu kwenye karatasi, na koma yake na nukta yake. Walimu wenzake wangeliona. Mwalimu mkuu, ambaye huandika “tarafa” akimaanisha “taarifa”, angeliona. Alilitaka jina hilo kama mtoto anavyotaka mandazi, na aibu ya kulitaka aliifunika kwa kumcheka Oliver zaidi.

Mhojiwa nambari 212 alipatikana Sindo, boma la tatu kutoka ziwani. Aliitwa Eucabeth, mjane wa miaka sitini na saba, aliyekuwa akibambua njugu karanga barazani. Kura ya kompyuta ya Oliver ilikuwa imeamua kwamba huyu ahojiwe kwa Kiswahili. Basi wakakaa pale Wajaluo wawili, mama na mwana kwa umri, wakizungumza Kiswahili kama wako mbele ya karani wa mahakama.

“Wewe ni nyar wapi, binti ya wapi?” aliuliza Eucabeth kabla ya kukubali lolote.

“Nyar Kanyamwa, mama. Kwetu ni Ndhiwa.”

“Na tunaongea Swahili?”

“Ndivyo kompyuta ilivyosema.”

Eucabeth aliitazama kompyuta ndogo iliyokuwa mapajani mwa Risper kwa jicho ambalo mtu humpa kuku anayenya jikoni. Kisha akajibu maswali manane ya kwanza bila kuacha kubambua. Walipofika la tisa, mikono ikasimama.

“Mimi niangalie chini ya mguu yangu na kioo?”

“Ndivyo linavyouliza, mama.”

“Nyathina, mtoto yangu, mgongo hii yangu haijakunja tangu mwaka ile ya mafuriko. Mguu yangu inajulikana na Susana.”

“Susana ni nani?”

“Nyieka.” Akatema kipande cha ganda. “Mke mwenza. Bwana yetu alikufa akatuacha wawili. Mimi simpendi. Hiyo usiandike.”

Hapakuwa na mahali pa kuiandika. Eucabeth akaendelea kueleza, na Risper, ambaye alikuwa ameacha kwenda kanisani tangu mumewe afe, hakuhitaji kuelezwa sana. Waadventista wa huko, kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, hutawadhana miguu. Wanawake kwa wanawake katika chumba chao, kila mtu na mwenzake, na beseni. Miaka ishirini na miwili iliyopita mchungaji alichoka na matusi ya wake wenza hawa wawili, akaweka beseni moja kati yao mbele ya kanisa zima, akasema asiyemwosha mwenzake hatagusa mkate. Wakaoshana. Tangu siku hiyo hawakubadilisha mwenza, si kwa kupatana, bali kwa ukaidi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushindwa. Na Eucabeth hakuosha kwa unyenyekevu. Aliosha akitafuta kasoro. Ufa wa kisigino, uchafu wa kucha, chochote cha kumfanya arudi nyumbani akijiona bora. Dharau ndiyo iliyompa macho, na kwa macho hayo aliijua miguu ya Susana kuliko alivyowahi kuijua ya mumewe.

“Sabato ya Disemba, kisigino ya kushoto, nikaona kitu nyeusi kama punje ya wimbi. Nikajiambia, haogi huyu. Nikasugua. Haitoki. Sabato ya Machi, iko kama punje ya mahindi. Ya Juni, kama kifungo ya shati, na upande moja imetoka nje, kama wino imemwagikia karatasi.”

Picha za muuguzi zilimjia Risper moja baada ya nyingine.

“Ulimwambia?”

“Machi nilimwambia. Akasema namtafutia ugonjwa ndio nibaki na boma. Juni nikamwambia tena, akavuta mguu, maji yote ikanimwagikia. Sasa mwezi wa saba ameenda Migori kwa binti yake, Lynnet, amezaa mapacha. Hajarudi. Sabato ya Septemba nilikaa na beseni peke yangu. Walitaka kunipea mama mwingine, nikakataa.” Akaokota njugu, akairudisha. “Nyar Kanyamwa, nyieka akikuambia mguu yako imeharibika, hiyo si habari, hiyo ni laana. Mimi siwezi kumpeleka hospitali. Lakini wewe uko na kitambulisho kwa shingo. Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo wanasema na hiyo Swahili yenu? Mnaenda Migori na gari. Pitia Oruba, kwa huyo binti yake, umwambie.”

“Nitapitia, mama.”

“Sasa andika.”

Risper akatazama swali la tisa. Halikuwa na nafasi ya mguu wa mtu mwingine. Katika watu mia mbili na kumi na wawili, huyu alikuwa wa kwanza kuchunguza ngozi ya binadamu yeyote mara nne kwa mwaka, kwa ukali, kwa miaka ishirini na miwili. Akamwandikia moja. Sikubali kabisa.

Jioni hiyo alimkuta Oliver hotelini akila samaki kwa uma, akimtenga na miiba kama anayeng’oa misumari. Akamweleza yote.

“Ni kisa kizuri sana,” alisema Oliver. “Tutakiweka kwenye utangulizi. Lakini ukimwendea huyo Susana leo, kesho 212 atajua. Raundi ya pili atajibu tofauti. Hapo utakuwa ume-contaminate data yangu, Risper. Utakuwa umeichafua.”

“Daktari, muuguzi alisema mtu asingoje hata wiki.”

“Na protokali inasema kila mwenye shida atapewa barua ya kwenda hospitali baada ya raundi ya pili. Imeandikwa, imepitishwa na kamati. Hilo doa lina karibu mwaka. Siku ishirini na moja ni nini?” Akapangusa midomo. “Wewe ni jina la tatu kwenye makala. Nakuomba ufanye kama jina la tatu.”

Risper alikwenda chumbani akimtukana Oliver kwa lugha tatu, moja ya hizo akiijua kwa matusi tu. Kisha asubuhi akapanda gari la mradi kwenda Kehancha, kama alivyopangiwa.

Kehancha ilikuwa na mengi ya kudharau, na Risper aliyapokea kwa mikono miwili, maana mtu anayecheka hana nafasi ya kujiuliza maswali. Ulikuwa wakati wa kuchuma tumbaku. Swali la kumi na nne lilisema: “Katika mwezi uliopita nimeona madoa meusi mapya kwenye ngozi yangu.” Wakulima wakatazama mikono yao, iliyokuwa myeusi tititi kwa utomvu wa majani mabichi, wakajibu tano. Wote, wake kwa waume. Jioni Oliver akapiga simu kwa furaha, akisema kwamba kwa takwimu alizotumiwa, Wakuria ndio walio macho zaidi kuhusu ngozi yao katika kaunti zote mbili.

“Ni utomvu wa tumbaku, daktari,” alisema Gisiri. “Wakinawa na majivu unatoka.”

“Swali haliulizi sababu.”

Gisiri akacheka puani na kumrudishia Risper simu yake.

Kulikuwa pia na mzee mmoja karibu na soko, aliyekubali kabisa kwamba kujichunguza ngozi kuna faida, na swali lililofuata akakubali kabisa kwamba ni kupoteza wakati. Gisiri akamuuliza kwa Kikuria anamaanisha lipi. Mzee alishangaa. “Mama huyu ametoka mbali na jua hili,” akasema. “Swali la kwanza nimkubalie, la pili nimkatalie? Amenikosea nini?”

Siku ya tisa tangu Sindo, simu ya Risper ililia. Ilikuwa nambari asiyoijua. Kila mhojiwa aliachiwa karatasi iliyosema ukiwa na swali lolote, piga hapa, na katika wahojiwa wote hakuna aliyewahi kupiga.

“Ni mimi wa Sindo,” ilisema sauti ya Eucabeth. “Uliona yeye?”

“Bado, mama. Kazi imetubana. Wiki ijayo.”

Upande wa pili akasikika akitema ganda la njugu.

“Ulisema wewe ni mwalimu.”

“Ndiyo, mama.”

“Mtoto akiandika vibaya mbele yako, unangoja wiki ijayo?”

Simu ikakatwa. Risper aliketi kitandani katika nyumba ya wageni, akavua viatu. Akauvuta mguu wake wa kushoto juu ya goti, kama swali la tisa lilivyotaka. Aliona vidole, akaona upande, lakini kisigino kilikataa. Nyonga ilimuuma mpaka machozi yakamlenga. Akajaribu simu, akapata picha ya kitu kama kiazi gizani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema, ila wahenga hawakualikwa kwenye kamati iliyoandika hojaji. Alicheka, na kicheko kikamkauka. Siku tisa. Alikuwa akimdharau Oliver kwa siku tisa huku akimtii, na kumdharau mtu unayemtii ni utumwa wenye majivuno tu. Alijiona duni kuliko yule bwana na viatu vyake, kwa kuwa Oliver angalau hakuwa amemsikia mama mwenyewe akikitaja kile kifungo cha shati. Alijichukia, na hakukuwa na nambari ya kulipima hilo.

Kulipokucha alichukua bodaboda mpaka Migori bila kumuaga mtu isipokuwa Gisiri.

Susana alikuwa mnene na mchangamfu, ameketi uani Oruba na pacha mmoja mapajani, mguu wa kushoto ameuegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa. Lynnet, binti yake, alikuwa akianika nepi kwenye kamba. Risper alipotaja tu Sindo, uso wa Susana ukajifunga.

“Nani amekutuma? Nyieka?”

“Nimetumwa na mradi, mama. Ni utafiti wa ngozi.” Akakivuta kitambulisho kikakaa mbele ya kifua. Hapo hapo akaelewa kwamba akimtaja Eucabeth hata mara moja, ataondoka na mguu ule hajauona. Akafungua hojaji. Akamsomea swali la tisa kwa Dholuo, taratibu, kama anasoma wosia.

Susana alisikiliza. “Eucabeth alihojiwa?”

“Alihojiwa.”

“Hapo aliweka ngapi?”

Majibu ya mhojiwa ni siri. Risper alikuwa ameapa hivyo na kutia sahihi. “Moja,” akasema.

Susana akacheka mpaka pacha akaamka. “Moja! Miaka yote najua huyo mama ni mchafu. Mimi weka tano. Nakubali kabisa. Andika kubwa.”

“Nitaandika, mama. Lakini sheria ya mradi ni kwamba anayejibu tano lazima akaguliwe, ndipo tano yake ihesabiwe.”

Hakukuwa na sheria kama hiyo popote duniani. Risper aliitunga hapo hapo. Susana alimtazama, akautazama mguu, na mtu aliyekwisha kumshinda mke mwenza tano kwa moja hawezi kurudi nyuma.

“Lynnet, leta karai,” akasema.

Risper akapiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa hajaushika mguu wa mtu kwa maji tangu alipoacha kanisa, akiwacheka wanaokwenda. Akaosha juu, akaosha vidole, akafika kisigino. Vumbi lilipotoka, doa lenyewe halikuwa kama kifungo tena. Lilikuwa doa pana kama kifuniko cha soda, jeusi hapa, la buluu pale, kingo zake zimekatikakatika, na pembeni lilikuwa likilowa. Lynnet alisogea, akaona, nepi ikamwanguka. Alitoa simu, akapiga picha, akamwonyesha mama yake bila kusema neno.

Susana aliikuza picha kwa vidole.

“Alisema ni kama kifungo,” akasema.

“Nani, mama?” aliuliza Risper, ingawa alijua.

“Yeye. Angeniambia mtu mwingine yeyote, hata mlevi wa sokoni, ningeenda. Ningemwaminije mtu anayefurahi nikianguka?” Akaupangusa mguu kwa leso. “Na wewe, ni yeye amekutuma. Usinidanganye.”

“Amenituma.”

“Siku gani?”

Risper akainamisha kichwa. “Siku kumi zilizopita.”

Susana hakumtukana. Akamwomba Lynnet amtafutie viatu.

Hospitalini walikata kipande cha nyama kisiginoni kikubwa kama kiganja cha mtoto, wakabandika ngozi waliyoitoa pajani, wakatoa na tezi kwenye kinena wakazipime. Daktari wa upasuaji aliuliza ilianza lini. Susana akasema Disemba. Hakuna aliyeuliza kuhusu zile siku tisa za Kehancha, na Risper hakuzitaja. Hajui mpaka leo kama zilikuwa na uzito wowote, na kutojua huko kunamkaa moyoni.

Raundi ya pili ilipofika alirudi Sindo, na habari za upasuaji zilikuwa zimemtangulia. Eucabeth alimkaribisha uji na hakuuliza habari za kazi.

“Ulikawia,” alisema.

“Nilikawia, mama.”

“Soma.”

Kila kitu kilikuwa kimegeuka. Kujichunguza hakuna faida: mara ya kwanza tano, sasa moja. Naogopa kuona doa kwa kuwa hakuna la kufanya: tano, sasa moja. La tisa nalo: “Weka tano. Kila Ijumaa jioni nikioga nainua mguu juu ya kiti, mjukuu yangu anaangalia na tochi, ananiambia.” Risper alikaa na kompyuta mapajani. Majibu ya kwanza yalikuwa humo humo. Angeyanakili tu, dakika mbili, nani angejua? Awino, R., jina la tatu. Aliandika aliyoambiwa.

Oliver hakupiga kelele. Alimwita ofisini akamwonyesha kioo cha kompyuta, nambari 212, uthabiti wake chini ya sifuri.

“Katika watu mia tatu, huyu peke yake,” alisema. “Ulimwendea yule mwanamke.”

“Nilimwendea. Amekatwa kisigino, lakini yuko hai.”

“Nashukuru Mungu. Lakini 212 tunamtoa. Na wewe, kwa sababu za kimaadili, tutakuweka mwisho kabisa, kwa wale tunaowashukuru.” Akavua miwani. “Unaelewa kwamba kama kila mmoja angefanya hivyo, tusingekuwa na utafiti?”

“Naelewa, daktari,” alisema Risper. Alielewa vizuri kabisa.

Mwezi Machi mradi ukaita watu Homa Bay kuwasomea matokeo, kama inavyotakiwa. Kulikuwa na wali, kuku, na maji ya chupa. Wahojiwa kadhaa waliletwa kuwakilisha jamii, na kwa uzembe wa karani fulani, barua moja ikaenda Sindo. Eucabeth alikuja amevaa nguo ya Sabato. Kando yake alikuja Susana na mkongojo, akilalamika kwamba Eucabeth anatembea haraka kwa makusudi. Majibu ya zile tezi yalikuwa yametoka: mbili zilikuwa safi, moja haikuwa safi, na wiki iliyofuata angeanza dawa. Alikuwa amerudi Sindo kwa sababu Sabato ya robo mwaka ilikaribia, na hakutaka mtu mwingine akae mbele ya beseni lake.

Risper aliwekwa katikati yao, awatafsirie kwa sauti ya chini. Oliver alisimama mbele na kijiti chake cha mwanga mwekundu. Ukutani palitokea mchoro, nukta mamia zimejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, isipokuwa moja ya pembeni iliyokatwa msalaba. Hojaji imefaulu, alisema. Inapima kitu kile kile kwa Dholuo, kwa Kikuria na kwa Kiswahili. Wakuria hasa wamewashangaza watafiti kwa umakini wao. Gisiri, aliyekuwa nyuma karibu na sufuria za kuku, akacheka puani.

“Na ile moja iko kona, peke yake?” aliuliza Eucabeth.

“Ni wewe, mama,” alinong’ona Risper.

“Mimi?” Eucabeth akainama mbele kuitazama. “Mbona niko mbali na watu?”

“Kwa sababu mara ya pili hukujibu kama mara ya kwanza. Wanasema hujibu kwa uthabiti. Wamekutoa.”

“Na Susana ni gani?”

“Hayupo, mama. Hakuhesabiwa.”

Eucabeth akamgeukia Susana, akautazama mguu uliofungwa bandeji, akaitazama nukta yake tena. Kisha akainua mkono, na kabla hajaruhusiwa akawa amesimama.

“Daktari, mimi niko na swali moja tu.”

“Karibu sana, mama,” alisema Oliver kwa tabasamu la wageni.

“Wewe. Chini ya mguu yako umeangalia lini?”

Ukumbi ukacheka. Oliver naye akacheka, akainua mikono. “Swali zuri, mama. Lakini leo tunazungumzia kipimo chenyewe—”

“Lini?”

Kicheko kikapungua kwa mafungu, meza hii, kisha ile, mpaka kukasikika vijiko. Oliver alitazama viatu vyake vya kahawia. Alionekana anahesabu, na hesabu ilikuwa inakataa.

“Tafuta mtu hakupendi, akuoshe,” alisema Eucabeth, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. Alikaa chini, akaiweka sawa nguo yake ya Sabato, akamgusa Risper begani.

“Nyar Kanyamwa, mwandikie moja.”

Risper akatoa kalamu, akaandika.